Upepo Kwenye Dizeli

Juzi nilikuwa natoka Dumila kwenda Kilosa na shehena ya mbegu za mahindi, na kabla sijafika Rudewa pikapu yangu ikaanza kukosa nguvu. Kama umewahi kuendesha gari la dizeli, hali hiyo unaijua. Unakanyaga mafuta, injini inaitikia kwa uvivu, gari linajikongoja kidogo, halafu nguvu zinarudi kama vile hakuna kilichotokea. Nikajua ni filta. Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti, nikatoa filta kuukuu na kufunga mpya niliyokuwa nayo nyuma ya kiti. Wachungaji wawili waliokuwa wakivusha ng'ombe barabarani walisimama kunitazama, tukasalimiana, wakaenda zao.

Kazi yenyewe si kubwa. Lakini nilipomaliza, nikanawa mikono kwa sabuni na kunusa vidole, harufu ya dizeli ilikuwa palepale, na nikashindwa kuingia ndani ya gari. Nikawa natembea kando ya barabara, naenda na kurudi, natazama mikonge iliyobaki imesimama ovyo katikati ya mashamba ya watu. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa mahali muda mrefu miguu inawasha. Watu hudhani ni tabia ya biashara, ya kuuza mbegu leo Rudewa, kesho Mikumi. Siyo. Nimezaliwa hivyo, na aliyenizaa hivyo ni baba.

Nyumba niliyozaliwa ilikuwa karibu tu na pale niliposimama. Ilikuwa moja ya nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, zilizojengwa kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Babu, baba yake baba, alikuja pale ujanani kukata mkonge akitokea mbali, na hakurudi tena kwao. Baba alizaliwa palepale na akajifunza ufundi wa injini za dizeli kwenye karakana ya shamba. Mimi nilizaliwa shamba lenyewe likiwa limeanza kufa. Nakumbuka harufu ya majani yaliyokamuliwa, kali, inakaa kooni kutwa nzima. Nakumbuka nyuzi nyeupe zikianikwa kwenye waya, ndefu kama nywele za mtu ambaye hajawahi kuzikata. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kuokota vigongo vikavu vya mkonge vya kukokea moto. Vilikuwa vinashika haraka na kuisha haraka, mama alikuwa akilalamika kwamba kuivisha maharage kwa kuni hizo ni kujitafutia ugomvi na njaa.

Karakana ilipofungwa, baba alisema tunahamia Kidete. Kulikuwa na mtu mwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ikiendeshwa kwa injini ya dizeli, na injini hiyo ilikuwa inamshinda kila mtu. Tukakaa kwenye nyumba iliyokuwa karibu mno na reli, kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe viligongana kabatini. Nilipapenda Kidete. Mto Mkondoa ulikuwa jirani, na mvua zikizidi tulisikia maji yakivuta mawe. Mama alikuwa akipika perege na nyanya chungu, tunakula na ugali wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine aliyoitengeneza baba, na baba alikuwa akisema unga huo una ladha ya kazi yake. Alikula akiwa amesimama mlangoni. Sijawahi kumwona baba akimaliza sahani ya chakula akiwa amekaa.

Halafu mashine ya Kidete ikapona, na baba akawa hana cha kupigana nacho. Tukahamia Kilosa mjini, nyuma ya stesheni. Tena siyo nyumba moja. Tulianza kwenye chumba kimoja karibu na soko, tukaenda kingine upande wa mtoni, ndipo tukapata ile nyumba ya nyuma ya stesheni yenye ua na mti wa mpera. Kila tulipoingia, baba aliweka sanduku la spana mlangoni, akatazama dari, akamwambia mama maneno yaleyale, kwamba hapa tutakaa kidogo tu. Aliyasema kwa furaha, kama mtu anayetoa ahadi nzuri. Mama alikuwa anachukua jembe na kwenda uani kupanda kitu. Rudewa alipanda mipapai, tukaondoka haijazaa. Kidete alipanda maboga, yakaliwa na waliokuja baada yetu. Nyuma ya stesheni alipanda matembele na bamia, na akaupogoa ule mpera vizuri ili uchipue upya, na nadhani aliamini safari hii atayaona mapera yake.

Nisije nikakufanya umchukie baba. Alikuwa mtu wa kupendeka. Jioni alikaa nami kwenye kizingiti, yaani mimi nilikaa, yeye aliegemea, na kila gari lililopita alinieleza ugonjwa wake kabla halijaonekana. Huyo nozeli zimechoka, anatoa moshi mweusi, subiri utaona. Huyo belti imelegea. Huyo dereva wake ana hasira. Gari likitokea kwenye kona na moshi wake mweusi, nilipiga makofi. Watoto wenzangu walikuwa na baba waliorudi nyumbani wamechoka. Wangu alirudi na mafuta hadi kwenye viwiko na hadithi ya injini, na wakati anahadithia macho yake yalikuwa tayari yameshafika mahali pengine.

Siku mambo yalipoharibika, mama alikuwa anamwagilia bamia. Mke wa mwenye nyumba alikuja na utepe wa kupimia, akabisha hodi, tukamwamkia, akauliza kama anaweza kupima madirisha. Mama akamuuliza madirisha ya nini. Yule mama akasema ni ya mapazia, binti yake anahamia mwezi ukiisha, si mmesema mnaondoka. Akatutazama, akaona nyuso zetu, akauficha utepe kwenye kanga kana kwamba ni kitu cha aibu. Mama alimkaribisha ndani. Alimshikia ncha ya utepe mpaka madirisha yote yakapimwa. Akamtolea chai. Alipoondoka, mama alirudi uani na kumalizia kumwagilia mstari wa mwisho, pole pole, shina moja moja, na mimi nilikuwa nyuma yake sijui nishike nini.

Baba aliporudi alikiri. Kulikuwa na mashamba ya miwa kule bondeni kusini, wanataka fundi wa pampu, injini kubwa ambazo hajawahi kuzigusa maishani. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniagizia chumvi dukani, "Wewe nenda, baba Zena. Mimi nimechoka kuacha vitu ardhini. Nakwenda kwa dada, Mikumi, na mtoto nakwenda naye."

Baba hakugomba. Laiti angegomba. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akatoka tena. Wiki nzima alikuwa anatengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Alibadilisha mpini wa jembe, akaziba ndoo, akarekebisha miguu ya kitanda ambacho hatakilalia tena. Jirani yetu alikuwa na pikapu ya dizeli, na alikuwa anakwenda Mikumi kuchukua vitunguu, akasema atatubeba sisi na vyombo. Jioni ya mwisho baba ndiye aliyepanga mzigo. Kitanda, godoro, masufuria, tenga la kuku, vyote alivifunga kwa kamba yeye mwenyewe, akavuta kila fundo mara nyingine na nyingine. Asubuhi tulipoamka hakuwepo. Nilimuuliza mama baba yuko wapi, akasema ameenda kijiweni kwa mafundi wenzake, na akanipa mihogo ya kuchemsha nile.

Njia ya Kilosa kwenda Mikumi wakati huo ilikuwa ya vumbi jekundu, mashimo, na makorongo yaliyokatwa na mvua. Mimi nilikaa katikati, mama dirishani. Jirani yetu alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeipenda pikapu yake na kuisifia kama mtu anavyomsifia mkwe. Tulipopita kijiji cha Ulaya alikuwa bado anaisifia. Mbele kidogo, kwenye kilima kimoja chenye miti mirefu pande zote, ikaanza kukohoa. Akashusha giya. Ikakohoa tena, ikatikisika yote, ikazima katikati ya kilima, na ukimya ukaingia ndani na vumbi letu wenyewe.

Jirani alisema ni filta, na kweli ilikuwa filta. Alikuwa amejaza mafuta kutoka kwenye pipa lililokaa muda mrefu, na mapipa hukusanya maji na uchafu chini. Alikuwa na filta mpya ndani ya boksi chini ya kiti. Akavua shati, akaikazia macho ile ya zamani, akaifungua ikatoka na tope jeusi, akaifunga mpya, akafuta mikono, akatabasamu. Akapiga stata. Injini ikanguruma mara moja, ikafa. Akapiga tena. Akapiga mpaka betri ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kisha ikanyamaza kabisa. Akashuka, akakaa kwenye jiwe, akasema sasa hapo elimu yake ndipo ilipoishia.

Akapita mtu wa pikipiki aliyebeba magunia ya mkaa akielekea Kilosa. Jirani alimwomba akifika mjini apite kijiwe cha mafundi, amwambie yeyote mwenye nafasi kuna pikapu imekufa kilimani. Akaenda. Tukabaki kusubiri. Simu hazikushika pale. Jua likapanda. Kuku walikuwa wanahema kwenye tenga, mama akawamwagia maji kidogo. Kulikuwa na kinyesi cha tembo kando ya barabara, bado kibichi, na jirani akatuonya tusiingie porini hata kwa haja. Mama alishuka, akapanda, akashuka tena. Alikaza kanga, akailegeza, akaikaza. Sikuwahi kumwona hivyo. Mwenye kuhangaika nyumbani kwetu alikuwa mmoja, na siku ile nilidhani ugonjwa wa baba umempata mama njiani.

Nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nafurahi. Moyoni nilisema gari likae hivyo hivyo, lioze hapo, tushushe kitanda chetu turudi nyuma ya stesheni. Kila nilipomtazama mama niligeuka haraka, nikiogopa ataisoma furaha usoni.

Tuliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ilipopinda kona niliona sanduku la spana kwanza, limefungwa nyuma kwa mpira, halafu nikaona nani anaendesha. Alikuwa ameiazima pikipiki ya mtu. Alisimama mbali kidogo na sisi, akazima, akabaki ameshika usukani. Nilikimbia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniwekea mkono kichwani, lakini macho yake yalikuwa kwa mama.

Mama akamuuliza, "Hakukuwa na mwingine?"

"Walikuwepo," baba alisema. "Nilivyosikia ni pikapu ya jirani, nikaja."

Basi. Hayo tu. Akafungua sanduku, akainama kwenye boneti, na mara akawa fundi, si mume wa mtu. Alimuuliza jirani aliifungaje. Akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Alisema filta mpya umeifunga tupu, hukuijaza mafuta, na gari la dizeli likivuta upepo halinywi tena, kama mtu aliyepaliwa. Akaitoa. Akaukagua mpira wake kwa kidole, akaupaka dizeli ukalainika. Alimtuma jirani akachote dizeli safi ya juujuu kutoka kwenye tenki kwa mpira na chupa, akaiacha itulie kwenye jua mpaka akaona haina maji, akaijaza filta kidogo kidogo, akairudisha na kuikaza kwa mkono bila spana. Alifanya yote hayo taratibu. Baba mwenye haraka, baba asiyemaliza sahani, siku ile hakuwa na haraka hata chembe.

Ikabaki kutoa upepo. Hapo panahitaji watu wawili. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono, mmoja anaibonyeza, mwingine anafungua kiskurubu na kuangalia mapovu, na kukifunga yakiisha. Jirani alikuwa amejilaza chini ya gari anamwaga maji na tope la chini ya tenki. Baba aliinua kichwa, akanitazama mimi, akaona mikono yangu haifiki. Kisha akamtazama mama.

"Mama Zena," akasema, "njoo unibonyezee."

Nilidhani hatakwenda. Alikwenda. Alikunja mikono ya gauni, akasimama karibu naye, akaweka kiganja pale alipoonyeshwa, akaanza kubonyeza. Mimi nilikuwa nimepanda kwenye bampa, naona yote. Mafuta yalitoka yamejaa mapovu, yakimiminika kwenye vidole vya baba, yananuka. Baba alisema tena, mama akabonyeza. Tena. Tena. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana. Niliwaona wakifanya kazi moja, na sikukumbuka mara nyingine niliyowahi kuwaona hivyo, kwa sababu baba alikuwa daima kwenye injini na mama daima kwenye udongo. Mapovu yakapungua. Yakawa machache. Yakatoka mafuta matupu, manyoofu, yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Baba alikaza skurubu. Lakini mama hakuondoa mkono mara moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Imeisha?" na baba akasema imeisha.

Kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, ilibidi tusukume. Na kwa kuwa tulikuwa katikati ya kilima, tukitazama Mikumi, gari lingeweza kuserereka upande mmoja tu, kinyumenyume, kuelekea Kilosa. Jirani akaingia, akaweka giya ya nyuma. Baba, mama na mimi tukasukuma kutoka mbele, viganja vyetu kwenye boneti ya moto. Pikapu ikaanza kushuka na kitanda chetu na kuku wetu, na kwa muda mfupi, kama kuvuta pumzi, vyombo vyetu vyote vilikuwa vinarudi nyumbani. Nilicheka kwa sauti. Kisha jirani akaachia klachi, gari likashtuka, likatoa moshi mweusi, na injini ikawaka.

Ikawaka vizuri. Baba aliisikiliza, kichwa kimeinama upande, namna ileile aliyosikiliza magari kizingitini. Nilingoja aseme kuna kitu bado. Alisema iko sawa, lakini atapanda nyuma mpaka juu ya kilima, ahakikishe haikohoi. Akakaa juu ya godoro letu, amelishika tenga la kuku, na tukapanda. Haikukohoa hata mara moja. Kileleni akagonga paa kwa kiganja, tukasimama, akashuka.

Alikuja dirishani upande wa mama. Alimwelekeza jirani asafishe pipa lile, asilitumie tena hivi hivi. Aliniambia nimsalimie mama mkubwa. Mama alikuwa ameshika bakuli la wali na maharage alilofunga kwa kitambaa kwa ajili yetu. Akampa.

"Hiki ni chenu cha njiani," baba alisema.

"Yako ndiyo ndefu," mama akamjibu.

Akalipokea. Tulipoondoka nilijigeuza nikatazama kwenye kioo cha nyuma, katikati ya miguu ya kitanda. Baba alikuwa amekaa chini kando ya barabara, amefungua kitambaa, anakula.

Mikumi tulikaa kwa mama mkubwa, aliyekuwa na mgahawa pembeni ya barabara kuu. Ikawa maisha mengine. Malori yalipita mchana kutwa, madereva walishuka wakiwa na vumbi la mikoa ambayo niliisoma tu shuleni, na mimi nilimenya viazi, nikaosha sahani, nikatandika meza, huku sikio langu moja liko nje. Nilijizoeza kutambua breki za kila lori, kwa sababu baba alikuja bila taarifa na juu ya chochote kilichokubali kumbeba. Alikuja kutoka kwenye miwa, baadaye kutoka kwenye mashine za mpunga, baadaye sijui wapi. Akifika mama alimwekea maji ya kuoga na chakula. Alirekebisha majiko, milango, pampu ya kisima. Alinifundisha kubadilisha filta kwenye magari ya wateja, nikamaliza darasa la saba mikono yangu ikinuka kama yake. Kesho yake, au keshokutwa, aliondoka. Hawakuachana, na hawakuishi pamoja tena. Walimu waliponiuliza wazazi wangu wako wapi, nilikuwa nasema mama yupo na baba anakuja, na ilikuwa kweli kila siku.

Mwishoni alikuja mgonjwa na hakuweza kuondoka. Mama alimuuguza kwenye chumba cha uani. Hata hapo hakutulia, alikuwa anaamka na kushika ukuta, anazunguka kitanda, anakaa, anaamka. Siku aliyofariki alikuwa ameomba avalishwe viatu, na mama alimvalisha, akavifunga na kamba zake. Tulimzika Rudewa, karibu na babu.

Baada ya arobaini, mchana mmoja, mama na mimi tulikuwa tunachambua mchele. Sijui nini kilimfungua. Alisema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Siku ile kilimani, baba yako angesema tu gari halitengenezeki, ningerudi."

Mikono yangu ikasimama. Nikamuuliza kama baba alilijua hilo.

"Nilipokuwa nabonyeza ile pampu nilikuwa naomba asiweze," alisema. "Alijua. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mikono yake haijawahi kutetemeka kwenye injini."

Sikumuuliza kwa nini basi hakusema yeye mwenyewe kwamba anataka kurudi. Nilikuwa na swali hilo mdomoni, nikalimeza, nikaendelea na mchele. Nimelibeba tangu siku hiyo. Nikiwa barabarani peke yangu ndipo linapoamka. Wakati mwingine namkasirikia baba, kwa kuwa mkweli wa spana siku ambayo uongo mdogo ungetuweka pamoja. Wakati mwingine nadhani alimpenda mama kupita alivyojipenda, na kwamba akili yake haikujua njia nyingine ya kumwonyesha isipokuwa kumpa gari zima la kumfikisha anakotaka kutulia. Mama ametulia. Hajahama tena. Mimi ndiye niliyechukua mahali pa baba barabarani, na bado sijui ni nani kati yao aliyekuwa sahihi.

Karakana ya Rudewa sasa ni kuta tupu, mbuzi wanalala mle. Nyumba ya nyuma ya stesheni ilibomolewa. Hata zile injini za zamani zinapotea, magari mapya yana taa inayokuambia filta imechoka, na mengi yanajitoa upepo yenyewe, hayahitaji mtu wa pili wa kubonyeza.

Na ile njia imechongwa. Magreda yameipanua, makorongo yamejazwa, miti ya pembeni imekatwa. Kila ninapopita kutoka Ulaya kwenda Mikumi napunguza mwendo, natafuta kile kilima. Nimejaribu kukitambua kwa kona, kwa mawe, kwa umbali. Sikioni. Wamekikata wakakilaza, na gari linapita pale, popote palipo, bila hata kushusha giya.